Mvua imenyesha, kisima bado kikavu: maji hukaa wapi katika mzunguko wake?

Kila msimu wa mvua unapokwisha, malalamiko yanayofika kwetu sisi tunaoshughulikia vibali vya maji hubadilika sura. Kabla ya mvua, wananchi huandika kwamba visima vimekauka. Baada ya mvua huandika kwamba visima vingali vikavu, na hapo hasira huwa kubwa zaidi, kwa sababu mtu ameona kwa macho yake maji yakifurika uani na sasa ndoo inagonga udongo mkavu. "Maji yote yale yamekwenda wapi?" Ni swali la haki. Shida ni kwamba wengi huja na jibu mkononi: jirani ameyavuta yote, mchimbaji alidanganya kina, au kuna mkubwa aliyeuziba mkondo mahali fulani. Mara chache mojawapo huwa kweli, na nitalifikia hilo. Mara nyingi jibu limo katika jambo ambalo somo la mzunguko wa maji hulipita mbio.

Mchoro wa jua, bahari, wingu na mlima kila mtu ameuchora shuleni, kwa hiyo siurudii. Kasoro yake ni kwamba una mishale mingi mno. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kuwa maji yako safarini saa zote. Lau tungeisimamisha dunia sasa hivi tukayahesabu, karibu maji yote tungeyakuta yametulia: baharini, kwenye barafu, ndani ya miamba chini ya miguu yetu, maziwani, kwenye udongo. Mshale ni safari fupi kati ya makao mawili, na katika baadhi ya makao hayo maji hulala maelfu ya miaka.

Ndiyo maana kauli ya "maji hayaishi, yanazunguka tu" hututaabisha sana. Tunaikuta hadi kwenye fomu za maombi ya vibali. Pale panapotakiwa kiasi ambacho mwombaji anakusudia kuvuta kwa siku, mtu huandika "bila kikomo" badala ya tarakimu, na fomu hiyo hurudishwa kwake kila mara. Kauli hiyo ni kweli kwa sayari nzima na si kweli kwa kisima chochote. Jumla ya maji ya dunia haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kinachobadilika ni mahali yalipo, na muda yatakaochukua kurudi pale yalipotolewa, ikiwa yatarudi.

Hesabu ya makao

Dunia ina takriban kilomita za ujazo milioni 1,386 za maji. Kilomita moja ya ujazo ni kama sanduku lenye urefu, upana na kimo cha kilomita moja, nalo hubeba lita trilioni 1. Asilimia 96.5 ya maji hayo yako baharini. Maji yasiyo na chumvi ni kama asilimia 2.5 tu ya jumla, na kiasi kidogo kinachosalia ni maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi na katika maziwa ya chumvi. Katika hayo yasiyo na chumvi, karibu asilimia 69 ni barafu na kama asilimia 30 yako chini ya ardhi. Maziwa, mito, ardhi oevu, unyevu wa udongo, ardhi iliyoganda ya ncha za dunia, mvuke wa hewani na maji yaliyomo miilini mwa viumbe wote hugawana asilimia isiyofika 2 iliyobaki.

Mito yote ya dunia, kwa wakati mmoja, ina kama kilomita za ujazo 2,120. Hewa ina kama 12,900. Hewani kuna maji mara sita ya yaliyomo mitoni. Watu hukataa nikisema hivyo, lakini hesabu ndiyo hiyo. Na maji hayo ya hewani, lau yangemwagika yote kwa mpigo na kuenea sawasawa, yangefunika uso wa dunia kwa kina cha sentimita 2.5 tu.

Sasa mtu atauliza: ikiwa hewa ina kidogo hivyo, mvua ya mwaka mzima inatoka wapi? Inatoka kwenye kasi. Chukua tangi la lita 1,000 linaloingiza lita 100 kila siku na kutoa lita 100 kila siku. Halijai wala halipungui, na tone moja hukaa humo siku 10 kwa wastani. Kwa hesabu hiyo hiyo, hewa hupokea na kutoa karibu kilomita za ujazo 577,000 kwa mwaka, kwa hiyo mvuke hukaa angani kama siku 8. Bahari yenye kilomita za ujazo milioni 1,338 hutoa mvuke wa kama 505,000 kwa mwaka, na tone hukaa humo zaidi ya miaka 2,600. Mtoni ni kama wiki mbili au tatu. Chini ya ardhi wastani haufai kitu, kwa sababu kuna maji yanayokaa wiki chache karibu na chemchemi na mengine yaliyokaa makumi ya maelfu ya miaka.

Kwa barafu nitasema machache, maana ndiyo inayozungumzwa kila siku. Karibu asilimia 90 ya barafu ya dunia iko Antaktika, kwa unene ambao mahali pengine unapita kilomita 4. Miaka 20,000 hivi iliyopita barafu ilikuwa imetanda katika nchi nyingi za kaskazini, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa kama mita 120. Maji yale hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yamehamia makao mengine. Anayeielewa habari hiyo moja ameelewa nusu ya makala hii.

Maziwa yanatufunza kuwa upana hudanganya. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, mara mbili ya Ziwa Tanganyika. Lakini kina cha wastani cha Victoria ni kama mita 40, na maji yake ni kama kilomita za ujazo 2,750. Tanganyika limeshuka hadi mita 1,470 na lina kama kilomita za ujazo 18,900, karibu mara saba. Ziwa lenye kina kidogo hujibu haraka mvua ikibadilika. Lenye kina kirefu huchukua vizazi. Ziwa Chad, ambalo ni jembamba kwa kina, lilikuwa na eneo la kama kilomita za mraba 25,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa nchi kavu.

Bahari ya Aral nayo, ambayo kwa kweli ni ziwa, ilikuwa ya nne kwa ukubwa wa eneo kati ya maziwa ya dunia. Haina mto unaotoka. Iliishi kwa urari mmoja tu: kile kilicholetwa na mito ya Amu Darya na Syr Darya kilikuwa sawa na kile kilichopaa kuwa mvuke. Kuanzia miaka ya 1960 maji ya mito hiyo yalielekezwa kwa wingi kwenye mashamba ya pamba, na ziwa likasinyaa hadi meli zikabaki juu ya mchanga. Hakuna tone lililotoka nje ya dunia. Maji yalipaa kutoka mashambani na kwenda kunyesha kwingine. Ukimwambia mvuvi wa pale kwamba maji hayaishi, atakuonyesha meli.

Udongo hula kwanza

Turudi kwenye kisima kikavu baada ya mvua, kwa sababu hapa ndipo penye jibu ambalo wengi hawalipendi.

Kati ya wingu na kisima kuna ghala lingine, nalo ni udongo. Mvua ikinyesha juu ya ardhi iliyokauka miezi kadhaa, maji yanayopenya hujaza kwanza matundu madogo kati ya chembe za udongo. Matundu hayo yana nguvu ya kuyashika maji dhidi ya mvuto wa dunia, kama kitambaa kilicholowa ambacho hakidondoshi tena. Mpaka udongo ushibe, karibu hakuna kinachoshuka. Ukishashiba, maji ya ziada yaliyo katika matundu makubwa hutiririka kwenda chini kwa muda wa siku mbili tatu, kisha kinachobaki ni mali ya mizizi. Mimea hukifyonza na kukirudisha hewani kupitia majani, udongo hukauka tena, na mvua inayofuata hulazimika kuulipa upya kabla haijafika kokote.

Kwa hiyo mvua za mwanzo wa msimu, zile ambazo wananchi hunitajia kwa tarehe, mara nyingi hazifiki kisimani hata kidogo. Zimeingia udongoni, na kule hazikupotea: ndizo zilizootesha majani. Mvua kubwa ya saa moja iliyofurika uani nayo ina kasoro yake. Ardhi ina kiwango cha kunyonya kwa saa, na kinachozidi hapo hutiririka juu juu kuelekea mtoni. Ukiishindilia ardhi kwa magari, ukiisakafia kwa saruji, ukiifyeka ikabaki wazi, matone yakapiga na kuziba uso wake, kiwango hicho hushuka. Maji yaliyofurika uani ni yale ambayo ardhi ilishindwa kuyapokea. Mtu anayenitajia mafuriko kama ushahidi kwamba kisima kilipaswa kujaa ananitajia sababu ya kisima kutojaa.

Halafu kuna muda. Maji yaliyoupita udongo bado yana mita kadhaa, pengine makumi ya mita, za ardhi isiyojaa maji kabla ya kufika kwenye usawa wa maji ya chini. Safari hiyo huchukua wiki, miezi, na penye usawa ulio chini sana hata miaka. Kisima kirefu ambacho maji yake yanaanza kupanda wakati mvua zimekwisha kitambo hakina ubovu wowote. Kinapokea barua iliyotumwa zamani.

Hakuna mto chini ya kiwanja chako

Samahani kwa kichwa hiki, lakini ombi la "mtuonyeshe mto wa chini unapopita" tumelipokea mara nyingi kiasi kwamba lazima nilijibu waziwazi. Katika miamba ya chokaa, ambayo maji huimumunya, na katika baadhi ya mapango ya lava, mito ya chini ya ardhi ipo kweli. Kwingine kote maji ya chini si mto wala ziwa. Ni maji yaliyojaa katika matundu ya mchanga na changarawe au katika nyufa za mwamba mgumu.

Mwamba mgumu ndio unaowachanganya watu zaidi. Mwamba wenyewe haubebi kitu. Maji yamo katika nyufa, na sehemu kubwa ya akiba imo katika tabaka la juu lililooza likawa udongo na kokoto. Kisima kimoja kikikutana na ufa, hutoa maji. Kingine kilichochimbwa hatua ishirini pembeni hukosa ufa, na mwenye nacho huamini kwamba ameibiwa.

Jambo la pili ni kwamba kushika maji na kuyaachia ni sifa mbili tofauti. Udongo wa mfinyanzi una matundu mengi kuliko mchanga. Nusu ya ujazo wake inaweza kuwa maji. Lakini matundu yale ni madogo mno, maji yameng'ang'ania humo, na ukichimba kisima ndani yake utapata tope. Mchanga una matundu machache zaidi kwa ujazo, lakini huachia sehemu kubwa ya ulichonacho. Ndiyo maana mtaalamu akikuambia "hapa kuna maji" bado hajakuambia kwamba hapa pana kisima.

Mwendo wa maji hayo ulipimwa vizuri kwa mara ya kwanza na mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, aliyeyapitisha maji kwenye mabomba yaliyojaa mchanga mjini Dijon na kutangaza matokeo yake mwaka 1856. Kanuni yake ndiyo tunayoitumia hadi leo: kiasi kinachopita hutegemea tofauti ya usawa wa maji kati ya ncha mbili, umbali kati yake, na aina ya mchanga. Katika mchanga mzuri maji yanaweza kusogea kiasi cha mita moja kwa siku. Katika miamba mingine ni sentimita chache, au pungufu. Mto husafiri umbali huo wakati unafumba jicho.

Uzito huo wa mwendo ni neema. Jiulize kwa nini mto unaendelea kutiririka mwezi wa tatu bila mvua. Mtoni tone hukaa wiki mbili tatu tu. Yale ya mvua yalishafika baharini. Yanayotiririka sasa ni maji ya chini ya ardhi yanayojichuja taratibu kupitia kingo na sakafu ya mto. Mto wa kiangazi ni akiba ya chini iliyojitokeza juu. Kwa hiyo anayepiga pampu kando ya mto akidai kwamba hagusi mto bali anavuta "maji yake ya chini" anavuta maji yale yale, na ombi lake tunalishughulikia hivyo hivyo.

Binadamu walichelewa kuliona hili, na sioni aibu kwa mwananchi kuchelewa pia. Hadi karne ya 17 wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba mvua haitoshi kulisha mito, na kwamba lazima kuna maji yanayopanda kutoka baharini kwa njia za siri. Mwaka 1674 Pierre Perrault alichapisha hesabu ya sehemu ya juu ya bonde la mto Seine: mvua ya mwaka ilikuwa kama mara sita ya maji yaliyopita mtoni. Imani ya karne nyingi ikaanguka kwa kipimo cha mvua na kipimo cha mto.

Leo tunapima kutoka angani. Mwaka 2002 setilaiti mbili za mradi uitwao GRACE zilirushwa zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Zikipita juu ya eneo ambalo akiba yake ya maji imeongezeka, mvuto wa uzito huo hubadilisha kidogo sana nafasi kati yao, kwa kiasi kilicho chembamba kuliko unywele, na badiliko hilo husomwa. Zilizofuata zilirushwa mwaka 2018. Kwa njia hiyo imeonekana wazi kwamba mabonde kadhaa yenye kilimo kikubwa cha umwagiliaji, yakiwemo ya kaskazini mwa India na bonde la kati la California, yanapoteza akiba ya chini mwaka hadi mwaka.

Kanuni ya urari ni nyepesi: kinachoingia, ukitoa kinachotoka, ndilo badiliko la akiba. Hakuna kisima kinachokwepa hesabu hii. Ukivuta maji, basi ama chemchemi fulani itapungua, ama mto utapungua, ama miti itakosa, ama akiba itashuka. Watu huniuliza kiasi gani "cha bure" kinaweza kuvutwa. Hakipo. Kila lita ilikuwa inakwenda mahali.

Na si kila ghala likiachwa hujaa tena. Chini ya Sahara, katika Misri, Libya, Sudan na Chad, kuna mwamba wa mchanga wa Nubia wenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2. Maji yake yaliingia wakati jangwa lile lilikuwa na mvua, maziwa na majani, hali iliyokoma miaka 5,000 hivi iliyopita. Yanayovutwa leo hayarudishwi na mvua yoyote ya leo. Na pale penye matabaka ya mfinyanzi, kuvuta kupita kiasi hupunguza msukumo uliokuwa ukishikilia chembe za udongo, mfinyanzi hubanwa, ardhi hushuka, na matundu yaliyofungwa hayafunguki tena hata mvua inyeshe namna gani. Sehemu za jiji la Mexico zimeshuka zaidi ya mita 9. Katika bonde la San Joaquin huko California, mahali pamoja palishuka karibu mita 9 kati ya mwaka 1925 na 1977. Hapo si maji tu yaliyotoweka. Ghala lenyewe limevunjika.

Pwani hatari ni nyingine. Maji yasiyo na chumvi huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo, na uwiano wake unajulikana tangu mwisho wa karne ya 19: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Watu hufurahia mita 40 hizo. Wasome kanuni kinyumenyume: ukishusha usawa kwa mita 1, baada ya muda mpaka wa chumvi hupanda kiasi cha mita 40. Kisima kilichoanza kutoa chumvi huchukua miaka mingi kupona, na wakati mwingine hakiponi.

Kabla ya kuchimba

Taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo msomaji aitazame sheria ya mahali alipo. Lakini mpangilio ufuatao unafanana karibu kila mahali penye usimamizi wa rasilimali za maji.

Kwanza, upimaji. Mtaalamu wa maji ya chini hupitisha umeme kidogo ardhini na kusoma ukinzani wa miamba, kisha hulinganisha na kumbukumbu za visima vya jirani. Fimbo inayoinama mikononi mwa mtu si upimaji, na ripoti inayotokana nayo haipokelewi. Pili, kibali cha kuchimba, ambacho si kibali cha kutumia maji. Hili nalirudia kwa sababu ndilo kosa linalorudisha maombi mengi kuliko yote: kibali cha kwanza hukuruhusu kutoboa ardhi, cha pili hukuruhusu kuvuta kiasi kilichotajwa, kwa matumizi yaliyotajwa, kwa muda uliotajwa. Mwenye cha kwanza akianza kuuza maji anatenda kosa hata kama kisima kilichimbwa kihalali. Kibali cha matumizi pia hakihamishwi kwa mnunuzi wa kiwanja kwa makubaliano ya mdomo. Taarifa ya mabadiliko ya umiliki hutolewa kwa maandishi.

Tatu, mchimbaji awe na leseni, naye achukue sampuli ya udongo na miamba kadiri anavyoshuka, aandike kina alichokutana na maji, aina ya mabomba ya kuzuia kuta, mahali yalipo matundu ya kupokea maji, na kina cha saruji iliyozibwa juu ili maji machafu ya usoni yasiteremke pembeni mwa bomba. Rekodi hiyo ni mali ya mwenye kisima na nakala yake ni ya mamlaka. Mchimbaji akiondoka bila kuiacha, usimlipe malipo ya mwisho.

Nne, kupima uwezo wa kisima kwa pampu. Huanza kwa hatua, kila hatua ikivuta zaidi ya iliyotangulia. Kisha pampu huendeshwa kwa kiwango kimoja kwa saa 24 au zaidi huku kina cha maji kikipimwa, kila dakika mwanzoni na kwa nafasi ndefu zaidi baadaye. Mwisho pampu huzimwa na kasi ya maji kurudi hupimwa. Wengi huomba kuiruka hatua hii kwa sababu maji yameonekana kuwa mengi siku ya kwanza. Siku ya kwanza kisima hutoa akiba iliyo kando yake. Kipimo cha saa nyingi ndicho kinachoonyesha kama nyuma ya akiba hiyo kuna kitu. Na kurudi kwa maji kunasema mengi kuliko kushuka kwake: kisima kisichorudi mahali kilipoanzia kimekula mtaji.

Tano, maabara. Vijidudu, chumvi, naitreti, floridi, aseniki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni floridi isiyozidi miligramu 1.5 kwa lita na aseniki isiyozidi miligramu 0.01 kwa lita. Maji yanayong'aa yanaweza kuzidi vyote viwili. Sita, dira ya maji na daftari la kiasi kinachovutwa, linalowasilishwa kwa vipindi vilivyotajwa kwenye kibali.

Adhabu kwa wanaokiuka, katika sheria nyingi, huanza na amri ya kusimamisha uvutaji, faini, na kufutwa kwa kibali. Kisima kisichosajiliwa huweza kufungwa kwa saruji kwa gharama ya mwenye nacho. Kuchafua chanzo cha maji huhesabiwa kosa zito zaidi na huweza kuleta kifungo pamoja na gharama za kusafisha. Nataja hapa jambo linalonikera kwa dhati: kisima kilichokauka hakigeuzwi shimo la majitaka. Kimechimbwa hadi kwenye akiba ambayo mtaa mzima unainywea, na uchafu ukiingia humo hupita udongo wote ambao ungeuchuja. Kisima kilichoachwa hujazwa na kuzibwa kwa utaratibu, na maelekezo hutolewa bila malipo kwa anayeuliza.

Sasa habari ya jirani. Pampu inapovuta, usawa wa maji hushuka kwa umbo la faneli kuizunguka, na faneli mbili zikikutana kila kisima hukipunguzia kingine. Jambo hili ni la kweli na lina dawa ya kisheria: umbali kati ya visima, ratiba ya saa za kuvuta, au kupunguzwa kwa kiwango. Lakini hatuwezi kuagiza lolote kwa hisia. Tunahitaji vipimo, na mwananchi anaweza kuvichukua mwenyewe. Funga kizito kidogo mwishoni mwa utepe wa kupimia uliosafishwa kwa klorini. Chagua alama moja isiyohama mdomoni mwa kisima. Pima kutoka alama hiyo hadi usoni mwa maji, mara moja kwa wiki, alfajiri kabla pampu haijawashwa, na uandike tarehe, saa, kina, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Baada ya miezi 12, maji yakiwa yalishuka kiangazi na kurudi pale pale wiki kadhaa baada ya mvua, kisima chako kiko salama na kilichokosekana ni subira tu, au bomba lililoteremshwa mita chache zaidi. Yakiwa yanarudi lakini kila mwaka chini kidogo ya mwaka uliopita, bonde zima linavuta kupita linachopokea, na hilo tutalishughulikia kwa vibali vya wote, chako kikiwemo. Yakiwa yanashuka ghafla siku fulani fulani na kurudi usiku, ongeza vipimo vya kila saa kwa siku tatu mfululizo, uandike na saa ambazo pampu ya jirani inasikika, kisha ulete daftari hilo pamoja na malalamiko yako. Mkaguzi atakwenda nalo hadi kwenye visima vyote viwili.